Kichoteo cha Noti Moja

Kichoteo cha chipsi cha mjomba wangu kilipigwa nyundo mara tatu katika muda usiozidi majuma sita. Mara ya kwanza alikipeleka mjomba mwenyewe kikapigwe, ili kichote kidogo. Mara ya pili nilikipeleka mimi kikapigwe, ili kichote zaidi. Mara ya tatu kilipigwa hadharani, mbele ya wanafunzi wenye njaa wapatao sitini, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Nyundo ilikuwa ileile mara zote tatu, mali ya Fundi Baiskeli wa kibanda cha jirani, ambaye hakututoza chochote kwa kuitumia, bali alijilipa kwa kutucheka.

Duka la mjomba lilikuwa na karai moja kubwa la mafuta, meza nne za plastiki, benchi ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali, na kibao juu ya dirisha la kuuzia. Kibao hicho alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu mwaka alioanza biashara: SAHANI MOJA, NOTI MOJA. Chipsi na kipande cha kuku kwa ile noti ndogo ya kijani, bila chenji, bila mjadala. Jina halisi la duka lilisahauliwa. Watu waliliita duka Noti Moja, na mjomba naye wakamwita Noti Moja, hata msibani.

Niliishi kwake tangu nilipoingia chuo kikuu, kwa kuwa mama yangu, ambaye ni dada yake, anakaa mbali na chuo, na uwezo wake uko mbali zaidi. Chakula changu, kitanda changu na nusu ya karo yangu vilitoka ndani ya lile karai. Duka likifa, masomo yangu yangekufa nalo. Naomba jambo hili likumbukwe, maana baadaye nitatumia maneno makubwa kama haki na uadilifu, na nisingependa msomaji adhani kwamba nilikuwa na maneno tu.

Mafuta ya kupikia yakapanda bei. Viazi vikaona mafuta yamepanda, navyo vikapanda. Kuku, ambaye kwa maumbile yake hawezi kuruka mbali, akaruka kuliko wote.

Nyumbani tulijikaza chini ya uongozi wa mke wa mjomba, ambaye familia nzima tunamwita Waziri, kwa sababu hakuna sarafu inayovuka kizingiti bila kuhojiwa inakokwenda. Maziwa yalitolewa kwenye chai na kupewa likizo isiyo na malipo. Yai la kuchemsha lilikatwa kwa uzi, si kwa kisu, kwa kuwa Waziri aliamini kwamba kisu kina upendeleo. Kila Jumamosi asubuhi nilimsindikiza supamaketi, na huko ndiko nilikojifunza kutembea hatua kumi nyuma ya mtu kana kwamba simjui. Alikuwa akisimama mbele ya rafu, anainua chupa ya mafuta hadi usawa wa macho, na kuikabili.

"Wewe! Juma lililopita ulikuwa bei gani? Kimetokea nini hapo katikati? Umepata cheo? Umeoa?"

Mhudumu wa rafu alikuwa amekwisha kumzoea. "Mama, unanunua au unaihoji?"

"Naihoji, mwanangu. Majibu yakiniridhisha, nitanunua."

Majibu hayakuwahi kumridhisha. Alinunua hivyo hivyo, huku akiitazama ile chupa ndani ya kikapu kama mtu anayempeleka mwizi kituoni.

Dukani, mjomba alishika njia nyingine. Yeye aliapa kwamba kibao hakitaguswa, kisha akaanza kugusa kila kitu kilichokuwa chini ya kibao. Tomato sosi ilianza kuogeshwa kila asubuhi, hadi ikawa inamwagika kabla chupa haijainamishwa. Kuku mmoja aliyekuwa akitoa vipande vinane akaanza kutoa kumi na viwili, na wateja wakazoea kupewa viungo ambavyo hakuna mwalimu wa biolojia aliyewahi kuvitaja darasani. Kisha likaja godoro. Godoro lilikuwa tabaka nene la kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na ndimu, na kutandikwa chini ya sahani kabla ya chipsi. Chipsi chache zilizolala juu ya godoro zilionekana nyingi, na zilionekana zimeamka vizuri.

Mwisho kabisa ndipo alipokigeukia kichoteo. Kilikuwa cha bati nene, chenye mdomo mpana na mkono wa mbao, na kitako chake kilikuwa bapa. Siku moja nilipotoka darasani nikakuta kitako kimeingia ndani kama shavu la mtu anayenyonya pipi.

"Mjomba, kichoteo hiki hakikuwa hivi."

"Kimezeeka, Profesa." Yeye huniita Profesa tangu nilipofaulu mtihani wa darasa la saba. "Uzee unakondesha. Mimi mwenyewe hutazami tumbo lilivyoingia?"

Nikatazama. Tumbo halikuwa limeingia popote.

"Si upandishe bei tu, watu wajue moja?"

"Bei watu wanaisoma. Kichoteo nani anakisoma?" Akaelekeza koleo lake la kugeuzia kuku upande wa pili wa barabara, kwenye duka la baga lenye picha za kung'aa. "Yule pale alipandisha Jumatatu. Ijumaa nimemwona anakula baga zake mwenyewe, na hata hakuwa na hamu."

"Lakini huu ni udanganyifu, mjomba."

"Huu ni udanganyifu unaokulipia karo. Shika kabichi, tandika."

Nikatandika. Nataka hilo nalo likumbukwe.

Sasa ni lazima nieleze nilivyokuwa nikitumia saa zangu nyingine za siku. Chuoni nilikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Haki ya Mlaji, chombo nilichokiasisi mwenyewe kwa hotuba ya dakika arobaini ambayo watu wawili waliisikiliza hadi mwisho, na mmoja wao alikuwa amelala. Hoja yangu ilikuwa rahisi, na bado naiamini. Mwanafunzi anapolipa bei ileile kwa chakula kinachopungua kila juma, ameibiwa kwa adabu, na wizi wa adabu ni mbaya kuliko wa kuporwa, kwa sababu aliyeporwa walau anajua kupiga kelele. Dawa yake ilikuwa mizani. Kamati ingefika mahali bila taarifa, ingenunua sahani kama mteja yeyote, ingeipima palepale, na matokeo yangebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya maktaba.

Tulianza na kantini ya chuo, ambayo mchuzi wake ulikutwa na nyama mbili, moja ikiwa mfupa. Tukaenda kwa muuza maandazi, ambaye andazi lake lilipopimwa tulidhani mizani haijawashwa. Ubao ukawa na wasomaji kuliko maktaba yenyewe. Wauzaji wakaanza kutetemeka. Nilipita kwenye ua wa chuo nikisalimiwa na watu nisiowajua, na sitasema uongo, nilipenda.

Katibu wa kamati alikuwa mwanafunzi wa sheria aliyevaa tai hata siku ya kufua. Jumatano moja alisimama mbele ya wanakamati saba na kusoma orodha ya juma hilo.

"Ijumaa, saa saba mchana, duka la chipsi maarufu kama Noti Moja. Limependekezwa na wanafunzi wenyewe. Kwa mujibu wa ibara ya nne, nauliza: yupo mwanakamati mwenye uhusiano na duka hili?"

Ibara ya nne niliiandika mimi. Niliiandika kwa kalamu ya wino, nikaipigia mstari. Katibu alipouliza swali lile, niliinama chini ya meza kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

"Hakuna," akasema Katibu. "Tuendelee."

Usinizome bado. Nilipokuwa chini ya meza nilijiambia mambo mengi mazuri: kwamba mjomba si tajiri wa kantini, kwamba aibu ya ubaoni ingemfukuzia wateja, kwamba kamati iliundwa kwa ajili ya wanyonge, na ni nani mnyonge kuliko mtu anayepika kwa mafuta ya bei ile? Lakini hakuna hata moja kati ya hayo nililolisema juu ya meza.

Alhamisi alasiri, mauzo yalipokwisha na mjomba akaenda kuchagua viazi, nilikitia kichoteo ndani ya mkoba wa vitabu na kwenda kwa Fundi Baiskeli. Alikuwa ameinamia gurudumu lililopinda. Akakitazama kichoteo, akanitazama mimi, akaweka spana chini taratibu kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru kwa ajili ya kufurahi.

"Mjomba wako kaja hapa mwezi uliopita, kasema, fundi, kiingize ndani. Leo wewe unasema kitoke nje. Hiki ni kichoteo au ni mapafu?"

"Fundi, tafadhali. Kirudi tu kama zamani."

"Kama zamani ipi, Profesa? Zamani za bei gani?"

Alikipachika juu ya kipande cha chuma, akaanza kukipiga kwa ndani. Nikisema fundi huyu ni hodari, namaanisha ni hodari wa baiskeli. Bati lilipoanza kulegea hakujua mahali pa kusimama, au alijua na hakutaka. Alipomaliza, kitako kilichokuwa kimeingia ndani kilikuwa kimetokeza nje, cha mviringo, chenye afya.

"Mbona kama kina mimba?" nikauliza.

"Hongera," akasema. "Inaelekea ni mapacha."

Hapakuwa na muda. Mjomba alikuwa anarudi na gunia lake juu ya mkokoteni. Nikakirudisha kichoteo ndani ya sinia la chipsi, nikakifunika hadi shingoni, nikajiambia kwamba ziada kidogo haijawahi kumdhuru mtu.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Waziri alikuwa na majasusi wake. Asubuhi ya Ijumaa muuza maandazi alimwambia kwamba kuna watoto wa chuo wanazunguka na mizani, na kwamba kiongozi wao ana tai. Waziri akampelekea mjomba habari, na mjomba akajibu kwamba yeye hana cha kuogopa, kisha akaanza kuogopa.

Saa saba kamili tulifika, dirisha likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa, kwa kuwa hofu ilikuwa imemchelewesha mjomba. Katibu alikuwa mtu pekee mwenye tai katika mtaa mzima, na alibeba mizani ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha kila kitu. Mimi nilikuwa na daftari. Mjomba akatuona tangu mbali. Akaniangalia, akamwangalia Katibu, akaiangalia mizani, na nikaona akili yake ikifika mahali nilipokuwa nimeificha yangu: wenzangu hawakujua kwamba mimi ni wake.

"Karibuni wateja," akasema kwa sauti ya redio. Kisha, kwangu, "Karibu, dada. Mgeni mitaa hii?"

"Ndiyo," nikasema. Ilitoka yenyewe.

"Sahani moja," akasema Katibu.

Mjomba akachukua sahani. Hakutandika godoro. Akachovya kichoteo ndani ya sinia, na kilipotoka nilimwona akishtuka kidogo kwa uzito wake, lakini macho ya Katibu yalikuwa juu yake, na mtu anayetazamwa na tai hawezi kurudisha chipsi. Akamimina. Kisha, kwa kuwa alikuwa amepanga tangu asubuhi kuongeza kichoteo cha pili, akaongeza cha pili. Akaweka kipande cha kuku, paja halisi, lenye jina katika vitabu. Na Waziri, ambaye hakuwa ameshauriana na mtu yeyote, akapenyeza mkono kutoka nyuma na kuongeza paja jingine.

Katibu alipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani ameegemea meza.

"Gramu mia tisa na ishirini," akasema. Wauzaji wengine wote hawakuwa wamefika mia nne. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Mwenyekiti, andika. Andika kwamba uadilifu bado upo."

Niliandika. Mwandiko wangu siku hiyo ni mbaya sana.

Tangazo lilibandikwa jioni ileile, na Katibu aliongeza kwa hiari yake maneno MFANO WA KUIGWA, kwa herufi kubwa. Jumamosi na Jumapili chuo kilisoma. Jumatatu, kabla ya saa sita, foleni ilianzia dirishani kwa mjomba, ikapita kibanda cha Fundi Baiskeli, ikapinda, ikavuka barabara na kuishia mbele ya duka la baga, ambalo mwenye nalo alitoka nje akidhani hatimaye bahati imemwangukia.

"Nipe kama ya kamati!" akasema wa kwanza.

"Kama ya kamati!" wakaitikia wa nyuma yake.

Mjomba alijaribu kutandika godoro. Sauti ikatoka katikati ya foleni: "Mzee, mbona unatuwekea majani, sisi mbuzi?" Alijaribu kuchota nusu. Msichana mmoja mrefu akafungua mkoba wake akatoa mizani. Yake mwenyewe, ya kupimia unga wa keki. Nilikuwa nimewaza usiku na mchana kuhusu siku ambayo wanafunzi wangejifunza kudai haki yao, na ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na nilitamani waende nyumbani.

Gunia lililokuwa likitosha siku mbili liliisha saa nane. Jumanne liliisha saa saba. Jumatano Waziri alisimama mbele ya dumu la mafuta akaligonga kwa kidole, likajibu kama ngoma. Hakulihoji. Alikaa tu kwenye benchi, upande wa tofali, akasema, "Baba, tukiuza hivi siku mbili zaidi, tutakuwa tumewalisha watu wote na sisi tunaomba."

 Mjomba alikuwa amekigeuza kichoteo juu chini na anakitazama. Kwa siku tatu hakuwa na muda wa kukitazama. Akakiweka mezani. Kikayumba huku na huku juu ya lile tumbo lake, kikakataa kutulia.

"Nani kakipiga hiki?"

Fundi Baiskeli, ambaye alikuwa ameegemea dirisha akisubiri chakula chake cha mchana cha bure kama kawaida, aligundua ghafla kwamba kuna gurudumu linamwita.

"Ni mimi, mjomba," nikasema.

Nikaeleza yote: kamati, ibara ya nne, kalamu chini ya meza, mapafu, mapacha. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, kwa maana ndivyo nilivyofundishwa. Nikamalizia kwamba nilifanya hivyo ili asiaibike.

Nilitarajia anigombeze. Yeye alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Profesa. Uliogopa mimi nitaaibika, au uliogopa wataambiwa mwenyekiti anakula kwa mwizi?"

Niliinama kutafuta kalamu. Safari hii hata kalamu sikuwa nayo.

"Basi tuko sawa," akasema. "Mimi nimewaficha wateja kichoteo, wewe umewaficha wenzako mjomba. 'Mgeni mitaa hii?' 'Ndiyo.'" Akaniigiza sauti yangu, nyembamba na ya uongo, hadi Waziri akacheka akiwa na machozi. "Damu ni damu, mwanangu. Umerithi kila kitu isipokuwa tumbo."

"Sasa tufanye nini?"

"Mimi sijui. Msomi ni wewe."

Alhamisi asubuhi nilibandua lile tangazo la MFANO WA KUIGWA na kubandika jingine, nikaliandika kwa mkono ili nisipate nafasi ya kulipamba. Liliandikwa hivi: "Mwenye duka la Noti Moja ni mjomba wangu. Naishi kwake. Kichoteo kilikuwa kimepunguzwa, nami nilijua. Kabla ya kupima nilikiongeza kwa siri. Matokeo ni batili. Kosa ni langu. Leo saa sita mchana, dukani, kichoteo kitarekebishwa mbele ya kila anayetaka kuona." Nikaweka jina langu na cheo changu, nikijua kwamba kimojawapo kingefutwa muda si mrefu.

Walikuja. Sijui kwa nini nilidhani wasingekuja. Watu wanaopanga foleni kwa ajili ya chipsi watapanga mara mbili kwa ajili ya fedheha. Nilipanda juu ya kreti la soda. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini sentensi ya pili haikufika mwisho.

"Shuka, tupewe chipsi!"

"Mpeni nafasi, mwizi naye ana haki ya kujieleza!"

"Kwa hiyo kabla ya hapo tulikuwa tunakula gramu ngapi?" akauliza yule msichana wa mizani ya keki.

Hilo lilikuwa swali zuri. Mjomba ndiye aliyejibu, akitoka nje na kichoteo mkononi kama mtu aliyeshika mtoto mwenye makosa.

"Mlikuwa mnakula pungufu, wanangu. Mafuta yamepanda mara tatu mwaka huu, na mimi kibao changu sikutaka kukigusa. Nikaona bora niguse sahani zenu. Nimekosea. Kichoteo hiki kilikuwa bapa chini siku nilipokinunua. Kinatakiwa kikae mezani bila kutikisika. Fundi!"

Fundi Baiskeli alikuja na nyundo akiwa ameoga. Nasema hivyo kwa sababu halikuwa jambo la kawaida. Alipiga, akakiweka mezani, kikayumba.

"Bado!" umati ukapiga kelele.

Akapiga tena. Kikatikisika kidogo.

"Piga! Piga!" Wengine wakaanza kudai aache, kwamba kinachoyumba ndicho kizuri. Nusu ya foleni ilitaka haki, nusu ilitaka mapacha wabaki, na kwa dakika kumi nilishuhudia mjadala mkali na wa wazi kuliko wowote uliowahi kufanyika katika kamati yangu. Hatimaye kichoteo kikakaa. Msichana wa mizani akakisukuma kwa kidole. Hakikucheza.

"Na hivi," akasema mjomba, "kwa noti moja hainilipi." Akapanda kwenye lile kreti nililoshuka, kwa shida, tumbo likitangulia, na kwa brashi iliyochovywa kwenye rangi nyekundu akaongeza kwenye kibao: NA SARAFU TATU. Kreti liliyumba, hata ile TATU ikateremka kuelekea kwenye dirisha.

Mguno ule uliotoka kwenye foleni bado naukumbuka. Watu kama ishirini waliondoka palepale. Baadhi yao walivuka barabara kwenda kwenye baga, wakasoma bei, wakarudi wakijifanya walikuwa wamekwenda kutembea tu.

Katibu alijitokeza akiwa na tai nyeusi, nadhani kwa heshima ya tukio. "Kwa mujibu wa ibara ya nne," akasema, "nasikitika kutangaza kwamba mwenyekiti amepoteza sifa ya uongozi kuanzia dakika hii." Alikunja karatasi yake, akavuta pumzi, akageukia dirisha. "Sahani moja, mzee. Sina sarafu ndogo, unaweza kunirudishia?"

Mjomba hakuwa na chenji. Katika miaka yote ya noti moja hakuwahi kuihitaji. Ikabidi Waziri afungue pochi yake binafsi, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona kwa macho yangu, na kuhesabu sarafu mkononi mwa Katibu moja baada ya nyingine, akiziaga.

Katibu akapokea sahani yake. Kichoteo kimoja, bapa, kweli. Kipande kimoja cha kuku chenye jina. Akaila akiwa amesimama. Alipofika nusu akasita, akachokoachokoa kwa kijiti, akainua uso.

"Samahani, mzee. Ile kabichi iko wapi?"

Mjomba akanitazama. "Kabichi gani?"

"Ile ya chini. Yenye ndimu. Mimi nilikuwa naagiza niletewe kila Jumanne kwa ajili ya ile kabichi."

"Na mimi!" akasema msichana wa mizani. "Chipsi ziko kila mahali."

"Kwani umeitoa?" akauliza mwingine kwa uchungu wa kweli, uchungu ambao hakuuonyesha alipotajiwa sarafu tatu. "Mzee, unapandisha bei halafu unatoa na kabichi? Huo si wizi?"

Aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa ameuliza Jumatatu kama wao ni mbuzi. Sauti niliitambua.

Mjomba aliweka koleo chini. Nilimjua vya kutosha kuelewa kilichokuwa kikipita kichwani mwake: mwaka mzima wa hofu, jinsi alivyokuwa akitandika kwa haraka na kufunika kwa haraka zaidi, akiomba mtu asifunue. Kisha akaichukua tena ile brashi. Akapanda tena kwenye lile kreti, na safari hii halikuyumba. Aliandika chini kabisa ya kibao, kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika: GODORO, SARAFU MOJA.

"Profesa," akaita, "acha kusimama kama shahidi. Shika kabichi, tandika. Juu, waione!"

Nikaingia nyuma ya meza, nikavaa aproni. Nilitandika magodoro thelathini na moja siku hiyo, mengine nikayaweka pembeni ya sahani ili kila mtu aone mwanzo na mwisho wake. Duka halijafa, wala halijatajirika. Mwezi huu nimelipa karo kwa kuchelewa. Na Jumamosi iliyofuata, supamaketini, Waziri alipoinua kichwa cha kabichi hadi usawa wa macho, sikusimama hatua kumi nyuma. Nilisimama kando yake, kwa kuwa bei ilikuwa imepanda, na safari hii mimi pia nilikuwa na maswali.